Muuguzi wa Zamu na Utafiti: Majibu kwa Barua Zenu

Barua za mwezi huu nyingi zimetoka kwa wauguzi na wakunga, na karibu zote zinazunguka jambo moja: utafiti ni wa nani, na mtu wa zamu anauingilia wapi. Hizi hapa chache. Ndefu tumezifupisha.

Nina stashahada ya uuguzi na nimekaa wodini muda mrefu. Tukigusia utafiti, madaktari wetu hucheka: "Ninyi kazi yenu ni kutekeleza." Je, kuna jambo lolote la maana lililobadilika kwa sababu muuguzi ndiye aliyetafiti?
*Muuguzi, hospitali ya wilaya, Singida*

Yapo, na mojawapo unalifanya kila zamu. Unapomgeuza mgonjwa asiyejiweza ili asipate vidonda vya kulala, unafuata kazi ya Doreen Norton, muuguzi wa Uingereza. Mwaka 1962 yeye na wenzake McLaren na Exton-Smith walichapisha utafiti wao juu ya wazee waliolazwa. Zama hizo wodi zilikuwa na dawa za kila aina za kupaka na kusugua makalio na visigino. Walichokiona ni kwamba ngozi huokolewa na kuondolewa mgandamizo, yaani kumgeuza mgonjwa kwa ratiba, si na hicho unachompaka. Kazi hiyo ndiyo iliyotupa kipimo cha Norton. Kina mambo matano: hali ya mwili, hali ya akili, kutembea, kujigeuza kitandani, na kuzuia haja. Kila jambo hupewa alama 1 hadi 4, na mgonjwa mwenye jumla ya 14 kushuka chini yuko hatarini. Hakihitaji mashine wala maabara.

Mfano wa pili ni wa karibuni zaidi. Kwa miaka mingi kanula ya mkononi, yaani ule mrija mwembamba unaowekwa kwenye mshipa, ilibadilishwa kila baada ya saa 72 hadi 96, iwe na tatizo au isiwe nalo. Claire Rickard, muuguzi wa Australia, na wenzake waliwagawa wagonjwa 3,283 kwa bahati nasibu katika hospitali tatu za Queensland. Kundi moja lilibadilishiwa kanula siku ya tatu, la pili lilibadilishiwa pale tu dalili zilipojitokeza. Matokeo yalitoka katika jarida la Lancet mwaka 2012: waliovimba mshipa walikuwa asilimia 7 kila upande. Kwa hiyo wapo waliokuwa wakichomwa upya bila faida. Lakini usikimbilie kufuta ratiba ya wodi yako kwa sababu hiyo. Hospitali za Chuo Kikuu cha Geneva zilipoacha kubadilisha kwa ratiba, maambukizi ya damu yaliongezeka, na taarifa hiyo ilichapishwa mwaka 2021. Kungoja dalili kunafaa pale ambapo kuna mtu anayezitazama dalili hizo kila zamu na kuandika alichokiona. Wodi ya wagonjwa 50 na muuguzi mmoja wa usiku haiko hivyo.

Na hao wanaocheka, wakumbushe kwamba Florence Nightingale, yule muuguzi wa taa wa Uingereza ambaye kila tarehe 12 Mei tunawasha mishumaa kwa ajili yake, alikuwa mwanamke wa kwanza kukubaliwa katika chama cha wanatakwimu cha London. Taa tumeirithi, majedwali tukawaachia wengine.

Tumefundishwa kutumia ile plastiki yenye mfuko wa kupimia damu baada ya kujifungua. Wakunga wazoefu wanasema macho yao yanatosha. Tukauliza ushahidi, tukajibiwa "imepunguza asilimia 60." Asilimia 60 ya nini?
*Mkunga, Tanga*

Swali lako ndilo kila muuguzi angepaswa kuuliza akitajiwa asilimia. Utafiti wenyewe unaitwa E-MOTIVE, ulitoka mwaka 2023, na ulifanyika katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, kwa wanawake zaidi ya 210,000 waliojifungua kwa njia ya kawaida. Kilichohesabiwa ni jumla ya mambo matatu: kupoteza damu mililita 1,000 au zaidi, kufunguliwa tumbo kwa sababu ya damu, au kufa kwa kutokwa na damu. Hospitali zilizoendelea kama zamani zilipata asilimia 4.3, zile za mpango mpya (plastiki hiyo pamoja na matibabu yanayoambatana nayo) asilimia 1.6. Ibadilishe iwe watu: katika kila wanawake 1,000, walikuwa 43, wakawa 16. Wanawake 27 wameepushwa, na hiyo ndiyo takriban asilimia 60 uliyotajiwa. Ila wengi katika hesabu hiyo ni waliopoteza damu nyingi, waliokufa walikuwa wachache. Basi mtu akikuambia "vifo vimepungua asilimia 60," amesoma kichwa cha habari akaishia hapo.

Kuhusu macho ya wazoefu: katika hospitali za kulinganishia, damu ilikusanywa kwenye plastiki isiyo na mistari ya kupimia, kisha ikapimwa kwenye mizani, huku mkunga akiendelea na makadirio yake. Kati ya wanawake waliotokwa na damu kupita kiasi, nusu tu ndio waliotambuliwa, asilimia 51. Kwenye plastiki yenye mistari walitambuliwa asilimia 93. Damu huingia kwenye kanga, pamba na shuka, nyingine hutiririka chini ya mgongo, na jicho la mtu yeyote, hata la aliyezalisha maelfu, huona pungufu.

Matumizi ya plastiki hiyo huharibika kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuiweka mapema, maji ya uzazi na mkojo vikaingia, ukasoma mililita 600 ambazo nusu yake si damu. Iweke chini ya makalio mara mtoto akishatoka. Ya pili ni kungoja mstari wa 500 huku mama anabadilika. Mpango wenyewe unasema 500, au 300 ikiambatana na dalili nyingine mbaya: mapigo yaliyopanda, presha iliyoshuka, damu inayotoka kwa kasi, mfuko wa uzazi uliolegea. Ndiyo sababu vipimo huchukuliwa kila dakika 15 katika saa ya kwanza. Na plastiki peke yake haitibu mtu. Hospitali hizo zilitoa huduma zote kwa pamoja: kusugua mfuko wa uzazi, oksitosini (dawa ya kuukaza mfuko huo), asidi ya traneksamiki (dawa ya kusaidia damu kuganda), maji ya mshipa, kukagua chanzo cha damu na kuita msaada, pasipo kungoja moja ishindwe ndipo ifuate nyingine.

Nataka kufanya utafiti mdogo wodini kwetu kuhusu kanula, maana naona mikono ya wagonjwa inavimba. Sina fedha wala shahada. Nianzie wapi?
*Muuguzi wa wodi ya wanaume, Morogoro*

Anza na ukaguzi wa huduma, na swali liwe dogo kiasi cha kujibiwa kwa daftari na kalamu. "Sababu za maambukizi hospitalini" ni swali la taasisi nzima. "Kati ya kanula zilizopo wodini saa 3 asubuhi, ngapi zina tarehe ya kuwekwa, na ngapi zimevimba?" Hilo ni lako.

Mweleze muuguzi kiongozi wa wodi, kisha pata ruhusa ya maandishi ya mganga mfawidhi kupitia muuguzi mkuu. Kama kuna uwezekano wowote kwamba siku moja utataka kuchapisha au kuwasilisha kwenye mkutano, peleka andiko kwenye kamati ya maadili kabla hujaandika taarifa ya mgonjwa wa kwanza. Jarida litakuuliza namba ya kibali, na kibali hakitolewi kwa kurudi nyuma. Hapa ndipo kazi nyingi nzuri za wauguzi hufia.

Fomu iwe ya ukurasa mmoja: namba ya siri ya mgonjwa (si jina), kitanda, tarehe na saa ya kuwekwa kanula, mahali ilipo, dawa inayopita, na alama ya mshipa. Alama zina kipimo chake kinachotumika sana, 0 hadi 5. Sifuri ni mahali pazima pasipo dalili yoyote. Moja ni maumivu kidogo au wekundu kidogo. Mbili ni dalili mbili kwa pamoja kati ya maumivu, wekundu na uvimbe, na kuanzia hapo kanula hutolewa. Kabla ya kuanza, wewe na mwenzako kagueni kanula 10 zilezile kila mmoja peke yake, kisha linganisheni. Mkitofautiana kwenye tatu au nne, fomu haijaeleweka, irekebisheni kwanza.

Saa nayo ni mtego. Kwetu mmoja ataandika saa 2 akiwa na maana ya asubuhi, mwingine ataandika 14:00, wa tatu ataandika 8 ya mchana. Ukikokotoa muda wa kanula kwa takwimu hizo utapata kanula iliyotolewa kabla ya kuwekwa. Chagua mfumo wa saa 24, uandike juu ya fomu, na kila anayejaza aoneshwe mfano.

Kusanya kwa siku 14 mfululizo, Jumamosi na Jumapili zikiwemo, kwa sababu mwisho wa wiki watu wa zamu ni wachache na ndipo mambo huharibika. Kila asubuhi hesabu kanula zote zilizopo, hata zile safi. Wengi huandika zilizovimba tu, halafu hawana cha kugawia. Tuseme kila siku ulikuta kanula 30: siku 14 ni sawa na siku-kanula 420 (kanula moja kwa siku moja ni siku-kanula moja). Zilizovimba ni 9. Gawanya 9 kwa 420, zidisha kwa 1,000, unapata 21.4 kwa kila siku-kanula 1,000. Mkaweka utaratibu mpya, mkarudia kuhesabu, safari hii zimevimba 6. Wodi nzima inapiga makofi. Lakini wagonjwa walikuwa wachache, siku-kanula zilikuwa 250 tu, na 6 kwa 250 ni 24 kwa kila 1,000. Hapo hakuna nafuu yoyote ya kutangaza.

Ukitumia majalada ya zamani badala ya kukagua vitandani, angalia majalada unayoletewa. Ya waliofariki mara nyingi hutengwa, na ya waliopewa rufaa huenda na wagonjwa. Ukichukua yaliyobaki kabatini umechukua ya waliopona. Anza na orodha ya rejista ya waliolazwa, chagua kwa mfano kila wa tano, ndipo uyatafute majalada hayo hayo. Lisilopatikana liandike kwamba halikupatikana, usichomeke jingine mahali pake.

Matokeo yabandike ofisini kwa wauguzi ndani ya wiki moja, bila jina la mtumishi yeyote. Wenzako wakihisi fomu yako ni ya kuwachongea, duru ya pili kila kanula itakuwa na tarehe, na nyingi zitakuwa zimeandikwa dakika kumi kabla hujapita.

Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uuguzi. Msimamizi amesema sampuli iwe 384, lakini hospitali ninayokwenda ina wauguzi 60. Nifanyeje?
*Mwanafunzi, Mwanza*

Hiyo 384 si namba takatifu. Inatokana na kanuni ya kukadiria asilimia: 1.96 kwa kipeo cha pili, mara 0.5, mara 0.5, gawanya kwa 0.05 kwa kipeo cha pili. Kanuni hudhani unachota kutoka umma mkubwa mno. Umma ukiwa mdogo unarekebisha: 384 gawanya kwa (1 jumlisha 383 kwa 60), jibu ni 52. Ongeza asilimia 10 ya watakaokataa au watakaokuwa likizo, unafika 57 au 58. Kwa tofauti hiyo ya watu wawili watatu, wahoji wote 60 na uandike kwamba uliwachukua wote.

Neno moja zaidi, ingawa hukuuliza. Kama mada yako ni "ujuzi, mtazamo na utendaji wa wauguzi kuhusu" jambo fulani, fikiri upya. Rafu za vyuo zimejaa hizo. Ukimuuliza muuguzi kwa dodoso kama hunawa mikono, atakujibu ndiyo. Simama wodini uhesabu.

Tuliambiwa tupake klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, kwenye kitovu cha mtoto mchanga. Sasa tunaambiwa kitovu kiachwe kikavu. Kina mama wanatuuliza kwa nini utafiti unageukageuka, na sisi hatuna jibu.
*Mkunga, Chake Chake*

Jibu lina kipande kilichotoka huko huko kwenu. Tafiti za kwanza zilifanyika Nepal, Bangladesh na Pakistan, sehemu ambazo watoto wengi walizaliwa nyumbani na vifo vya vichanga vilikuwa vingi, na klorheksidini ilionekana kusaidia. Likabaki swali kama itakuwa hivyo Afrika. Ukafanyika utafiti mkubwa Pemba, na mwingine Zambia. Matokeo ya zote mbili yalichapishwa mwaka 2016: kati ya watoto waliopakwa na walioachwa kitovu kikavu, tofauti ya vifo haikuwa ya kutosha kusemwa kwamba imeletwa na dawa. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa 2022 linapendekeza kitovu kisafi na kikavu. Klorheksidini, yenye nguvu ya asilimia 4, imebakizwa kwa wiki ya kwanza, katika sehemu tu ambazo watu wana desturi ya kupaka vitu vya hatari kama kinyesi cha mifugo.

Kwa mama sema hivi: dawa haikugeuka sumu, ila imepimwa kwenye mazingira kama yetu na haikuongeza kinga ya kuonekana. Kisha umuulize, kwa upole na bila kukunja uso, nyumbani wanapaka nini. Jibu lake ndilo litakaloamua ushauri.

Nimekusanya data za utafiti wa watu wengine kwa muda mrefu. Makala zimetoka, jina langu halimo. Pia nilikuwa naombwa kuwasainisha ridhaa wagonjwa ninaowahudumia mwenyewe. Ni sawa?
*Sista, Kilimanjaro*

Sista, tuanze na jina. Majarida mengi ya tiba hufuata kanuni za kamati ya kimataifa ya wahariri, ICMJE. Mwandishi anatakiwa kutimiza mambo manne: mchango mkubwa katika kubuni, kupata, kuchanganua au kufasiri takwimu, kuandika rasimu au kuirekebisha kwa kina, kuikubali nakala ya mwisho, na kukubali kuwajibika kwa kazi nzima. Kujaza fomu pekee hakutoshi. Lakini kanuni hizo hizo zinasema aliyetimiza la kwanza apewe nafasi ya kushiriki kupitia na kuandika rasimu na kuikubali nakala ya mwisho, asifungiwe mlango. Kwa hiyo ombi lipelekwe mwanzoni, kwa maandishi, kabla ya mgonjwa wa kwanza: "Ningependa kushiriki kusoma rasimu." Makala ikishachapishwa ni vigumu kupata kitu. Angalau dai kutajwa kwenye shukrani, na dai nakala ya matokeo, kwani inakera kuona wodi iliyotoa takwimu ikiwa ya mwisho kujua zilisema nini.

Ridhaa ni jambo zito zaidi. Mgonjwa anayekutegemea umchome sindano na umletee maji hana uhuru wa kukukatalia. Atasaini ili asikuudhi, au kwa kudhani ni sehemu ya matibabu. Ikiwezekana ridhaa iombwe na mtu mwingine asiyemhudumia. Isipowezekana, msomee fomu ya Kiswahili, mwache nayo, urudi baadaye. Kisha mwambie akueleze kwa maneno yake nini kitafanyika na nini kitatokea akikataa. Akisema "nitakosa dawa," hajaelewa, na saini yake haina thamani. Asiyejua kusoma aweke dole gumba mbele ya shahidi asiye wa timu ya utafiti. Na ukikosea kujaza, usifute kwa wino mweupe. Piga mstari mmoja, andika sahihi, tarehe na saini fupi.

Niko Kenya, hospitali ya kaunti. Kibali kinafuata njia gani?
*Muuguzi, Kilifi*

Kwanza kamati ya maadili iliyoidhinishwa na NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu), ya chuo au ya hospitali kubwa. Ukishapata cheti chao ndipo uombe leseni ya utafiti ya NACOSTI kwenye tovuti yao. Kisha idara ya afya ya kaunti, mwisho hospitali yenyewe. Kwa wenzako wa Tanzania bara, kibali cha maadili hutoka NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu) au kamati ya chuo, na barua za utawala hushuka kutoka kwa Katibu Tawala wa Mkoa hadi kwa mkurugenzi wa halmashauri, mganga mkuu wa wilaya, halafu kituo. Tenga miezi kadhaa, si wiki. Kinachorudisha maombi mara kwa mara ni vitu vidogo: fomu ya ridhaa isiyo na nakala ya Kiswahili, tarehe ya kuanza ambayo imeshapita, na dodoso lisilolingana na malengo.

Jarida moja limeniandikia kwamba litachapisha makala yangu ndani ya siku tano nikilipa. Ni halali?
*Muuguzi, Dodoma*

Usilipe. Makala ya kitabibu hupitiwa na wasomaji wawili au watatu, na kazi hiyo haimaliziki kwa siku tano. Tafuta jina la jarida kwenye orodha ya DOAJ, yaani orodha ya kimataifa ya majarida yanayosomwa bure mtandaoni. Kwa majarida ya Afrika angalia tovuti ya AJOL (African Journals Online), ambako utaona pia makala zilizokwishachapishwa na kupima kama ni za kiwango unachokitaka. Ada si kosa peke yake, kwani majarida mengi halali hutoza, na mengine hupunguza au kufuta kabisa kwa waandishi wa nchi zetu ukiomba kabla ya kutuma makala. Kama umeshatuma kwa hao wa siku tano na bado hujalipa wala kusaini, waandikie leo kwamba unaiondoa makala, uhifadhi barua hiyo, na usiitume kwingine mpaka wakujibu kwamba imeondolewa.